Ndama alimeza ufunguo wa mama, nikajifunza kufungua kufuli kwa waya

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo.

Mimi humu nasoma tu, kuandika naona aibu. Leo nimejikaza. Hii ni kweli tupu, na sehemu nyingine nachungulia daftari langu la form two, miaka ya tisini. Nilikuwa mtoto wa kuandika kila kitu na kuongea kidogo.

Kwetu ni Mwamkulu, nje kidogo ya Mpanda mjini. Wazazi walihamia na ng'ombe kutoka Usukumani. Mama alikuja na kitu kimoja tu cha kwake: sanduku la bati alilopewa na bibi, na kufuli lake zito.

Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba. Siku moja anaoga, akautundika kwenye uzio wa zizi. Kamba ina chumvi ya jasho. Ndama akaitafuna yote, na ufunguo juu yake.

Msicheke. Siku tatu nilichambua mavi ya ndama kwa kijiti. Hakuna kitu.

Sare zangu zote zilikuwa ndani na shule inafunguliwa Jumatatu. Baba akachukua shoka.

"Nipasue sanduku au nipasue ndama? Chagueni nyie."

Mama akaenda akakaa juu ya sanduku lake, akalia. Sikuwahi kumwona analia kabla ya hapo.

Kosa letu sasa. Sisi wafugaji kinachogoma tunakipaka samli. Tukamimina samli kwenye kufuli, tukachokonoa na spoku ya baiskeli. Samli ikaganda na vumbi, ndo tukaharibu kabisa.

Jumamosi asubuhi nikaenda mjini kwa Mzee Shabani, fundi wa kufuli na taa za chemli. Kusema nikashindwa. Nikaandika shida yangu kwenye karatasi, nikampa.

Akasoma, akanitazama juu ya miwani. "Binti, wewe bubu au mwizi?"

"Si mwizi."

"Basi mlete mwenye sanduku. Kufuli la mtu silifungui mwenyewe hayupo."

Mchana tukarudi na mkokoteni wa ng'ombe, mama kakaa juu ya sanduku kama bibi harusi. Mzee akanusa kufuli, akacheka mpaka akakohoa.

"Wasukuma nyie! Hili mnalifunga au mnalikaanga?"

Akaliosha kwa mafuta ya taa. Likakauka. Akaomba penseli yangu, akakwangua ule unga mweusi, akaupuliza kwenye tundu. Ati huo unalainisha na haunati. Halafu akanionyesha mikono yake. Ilikuwa inatetemeka.

"Vidole vyangu vimezeeka. Lete vyako."

Akanipa waya mbili. Moja inasokota kufuli kidogo tu, nyingine inanyanyua pini za ndani, moja moja. Nikakandamiza sana, pini zikarudi zote chini. Tena. Tena.

"Usilazimishe, mwanangu. Lisikilize."

Aisee, kusikiliza ndicho kitu pekee nilichokuwa nakiweza.

Mara ya sijui ngapi, tak! Likaachia. Mama akapiga vigelegele hapo hapo barabarani, mimi nikatamani kuingia ndani ya sanduku nijifungie.

Mzee akanipa zile waya kwa sharti lake lile lile: mwenyewe awepo. Sijalivunja hadi leo.

Kufuli jingine mama alilikataa. Alikuwa analifunga hilo hilo, ananisubiri nitoke shule nimfungulie.

Miaka ikapita, yule ndama akawa ng'ombe mzee, akachinjwa. Tumboni ukatoka ufunguo, mweusi tii. Baba akampa mama. Mama akaugeuzageuza, akautupa zizini.

"Wa nini tena? Njoo unifungulie, mwanangu."

Mzee Shabani ameshatangulia mbele ya haki. Angeweza kunifukuza, nilikuwa mtoto nisiyeweza hata kusema shida yangu. Akanipa waya. Nilichojifunza: mtu mkimya mpe kazi ya mikono, utamsikia.

Na nyie wakuu, nani aliwashika mkono hivyo? Mtajeni hapa chini, tumshukuru pamoja.