Baba wa Kwenye Kitabu cha Morenike

Mzee Olasupo, jirani yetu hapa Ibadan, kazi yake ni kusoma vitabu vipya na kusema vikoje. Kila Jumamosi anavizungumzia redioni: riwaya za mapenzi, za upelelezi, vitabu vya ufugaji wa samaki, vya maisha ya wachungaji. Kitabu kikizinduliwa mjini, yeye ndiye huitwa kukichambua mbele ya wageni kabla hawajaanza kununua.

Sura ya kwanza hunisomea mimi, barazani, huku namenya kunde nilizoloweka za kukaangia akara, bajia za kwetu, na Ireti wangu kalala mgongoni. Nikizisahau kunde, anafurahi.

"Mama Ireti kasimamisha kazi," anasema. "Hiki kina roho."

Mwezi uliopita alileta riwaya ya kwanza ya binti yake, Morenike. Nilisikiliza mpaka mikono ikapoa majini. Mzee uso ulizidi kumkunjamana, mwisho akakifunga kitabu.

"Baba, mbona kizuri?" nikamuuliza.

"Kizuri. Ila huyu baba wa humu ni gogo. Anaingia, anauliza matokeo ya mtihani, anatoka. Nikilinyamazia hilo, nani ataniamini tena? Nikilisema, mwanangu hataandika tena. Namjua."

Jioni Morenike akaja, akampigia magoti kumsalimu, macho chini.

"Baba, kama hakifai, mwachie mtu mwingine akichambue. Usinivunje mbele za watu."

"Nimekwambia hakifai?"

"Hujaniambia chochote."

Mzee akakichukua kitabu, akaingia nacho ndani.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa, mashangazi wamevaa sare ya kitambaa kimoja. Mzee alisimama akasifu lugha, akasifu sehemu ya sokoni ilivyoandikwa, "mpaka pilipili ikaniwasha puani." Kisha akasema, "Sasa kasoro. Baba wa kwenye kitabu hiki..." Akatua kuvuta pumzi.

Mpiga ngoma kwetu akisikia baba wa mwenye shughuli katajwa, hangoji kuambiwa. Akaichapa ngoma. Mashangazi wakainuka kucheza, mmoja akaenda kumtuza mzee, akambandika noti kwenye paji la uso. Morenike hakucheza. Alikuwa kakikamata kitambaa cha meza kwa mikono miwili.

Mzee alisubiri, noti usoni. Ngoma ilipotulia, shangazi mmoja akasema, "Malizia basi, wali unapoa."

"Baba huyu hana uhai," mzee akasema. "Kitabu kizima hakai kitako. Nilikasirika, nikasema mwandishi kashindwa kumchora. Nikakisoma tena. Nikajiuliza, mimi nilikaa lini na huyu mtoto? Nilikuwa na vitabu vya watu. Yeye kaandika alichokiona. Kasoro ipo, ila si ya mwandishi."

Mpiga ngoma akawa anaangalia viatu vyake.

Mchambuzi akimaliza hurudi meza kuu, kando ya mwenyekiti. Mzee aliipita meza kuu, akavuta kiti cha plastiki mpaka alipo binti yake.

"Sogea kidogo."

Morenike akasogea. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi nilikuwa nyuma yao, namnyonyesha Ireti, wageni wakianza kupanga foleni ya kununua.

"Cha pili kinahusu nini?" mzee akauliza, kwa sauti ya chini.

"Bado sijui, Baba."

"Basi njoo uniambie ukiwa hivyo hivyo hujui. Jumapili nipo nyumbani."

"Asubuhi au mchana?"

"Njoo asubuhi. Tutakula pamoja."