Kitufe cha Kufunga Programu za Wengine

Shangazi yangu ana steshenari Temeke, na kompyuta zake zilikuwa zimechoka. Mteja akimaliza kuchapa barua, anaondoka ameacha muziki unaimba, gemu limesimama katikati na kurasa za intaneti zisizo na idadi. Anayefuata akikaa, mashine imeganda. Shangazi akaniita kutoka Madale ninakoishi.

"Wewe si fundi wa haya mambo? Nitengenezee kitufe. Nikibonyeza, vyote vife."

Kutengeneza programu inayofunga programu nyingine si kazi ngumu, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo. Programu yangu inauuliza mfumo wa kompyuta ni zipi zinazofanya kazi, inaziacha zile zinazoendesha mashine yenyewe, kisha inazigeukia zilizobaki. Hapo njia ni mbili. Unaweza kuiua programu papo hapo, na chochote ambacho hakijahifadhiwa kikapotea nayo. Au unaiomba ijifunge yenyewe, na kama ina la kusema, iseme.

Mimi nilichagua kuomba. Programu ikigoma, ya kwangu inasimama na kuandika: "Humu kuna kazi haijahifadhiwa. Nisubiri au nizime kwa nguvu?"

Shangazi alipoiona alicheka kwa dharau. "Kompyuta nayo ya kubembelezwa?"

"Shangazi, mtu akiingia chumbani kwako bila hodi unamfanyaje?"

"Namtimua."

"Basi na hii inapiga hodi."

Akasonya, akaniachia. Ningebishana naye mpaka magharibi, maana kwenye kazi yangu sipangiwi.

Ijumaa moja nilikuwa dukani nabadilisha wino wa printa. Kaka mmoja wa makamo, kwa lafudhi yake mtu wa bara, alikuwa anachapa wasifu wa marehemu mama yake. Maziko yalikuwa alasiri ile ile, na wasifu ungesomwa kanisani. Simu yake ikaita, akatoka nje kuongea, akakawia. Foleni ilikuwa inanung'unika. Shangazi akaona kiti kitupu, akadhani mtu keshaondoka, akabonyeza kitufe.

Muziki ulioachwa na mteja aliyetangulia ukakatika. Kurasa zikajifunga. Wasifu ukabaki, na swali langu juu yake. Shangazi akapeleka kishale kwenye kuzima kwa nguvu.

"Shangazi, soma kwanza!" Nilipiga kelele.

Akasoma. Sentensi ya mwisho ilikuwa imeachwa inaning'inia: "Baba alipofariki, mama alianza". Shangazi, ambaye naye alibaki mjane na watoto wadogo, akaondoa mkono kwenye mausi.

"Subirini," akawaambia wa foleni. "Kuna mtu bado anaandika."

Yule kaka aliporudi alikuta watu wote wanamtazama. Shangazi akamweleza kilichotokea, kwa aibu ambayo sijawahi kumwona nayo. Kaka akakaa, akakipitisha kidole kwenye kioo mstari kwa mstari mpaka alipohakikisha yote yapo.

"Dada, haya nimeyaandika nalia," akasema. "Yangefutika, nisingeweza tena. Mama angezikwa bila neno langu."

Shangazi akamgeuzia feni, akasimama nyuma ya kiti chake akiizuia foleni mpaka yule kaka akamaliza.