Mjane wa Moabu Katika Nyumba za Reli

Nakumbuka Jumapili moja, nyumbani kwangu Makongeni katika nyumba za reli, nilipowatazama watu wawili wema wakinivuta huku na huku kwa Biblia ile ile moja. Mjukuu wangu, uliniuliza juzi imekuwaje nyinyi vijana wa kanisa moja mkasoma sura moja na sasa hamsalimiani. Mimi si mhubiri. Nitakachokupa ni hiyo Jumapili tu.

Miaka ya sabini ilikuwa ikielekea kuisha, na babu yenu, mume wangu, fundi wa reli, tulikuwa tumemzika kwao Siaya majuma machache nyuma. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilipokwisha ilibidi niitoe. Shemeji yangu Ochieng' akaja pamoja na mama mkwe wangu kunichukua mimi na watoto. Desturi ilitaka anirithi, niwe mke wake. Mimi sikutaka kabisa, lakini mjane wa siku zile hakuwa anaulizwa sana.

Ochieng' alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo hakuja na fimbo, alikuja na Neno. Akafungua habari ya yule mjane wa Moabu, akaanzia kule mbele, pale mjane anapomwendea jamaa wa marehemu mumewe ili amwoe. Alisoma polepole kwa sauti nzuri, kisha akaniambia kwamba hata Mungu alikwisha kulipanga jambo hili.

Jirani yangu Mama Wanjiku, aliyekuwa ametuletea chai, hakungoja kukaribishwa. Huyo alitoka Murang'a peke yake na mtoto mgongoni, akauza mboga za sukuma wiki mpaka akamsomesha. Akaomba Biblia, akafunua nyuma ukurasa mmoja, pale mjane anapoamka kwenda kuokota masuke katika shamba la watu.

"Shemeji, mbona hapa umeruka?" akasema, mkono wake begani kwangu. "Huyu alikula jasho lake kwanza. Mama Atieno akae hapa mjini na sisi, nitamwonyesha soko."

Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Kilichonishangaza, hata katika majonzi yangu, ni kwamba hakuna aliyekuwa akidanganya. Maneno yote yalikuwamo humo. Ochieng' aliogopa kwamba watoto wa nduguye watapotelea mjini, na nilijua hofu yake ni ya kweli. Mama Wanjiku naye alikuwa akisoma maisha yake mwenyewe. Nikajiuliza, ningepewa mimi kitabu hicho, ningeanzia wapi?

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mkekani kando ya mlango, kimya tangu wafike. Kusoma hakujua. Akauliza kama habari hiyo haina mwanzo. Ochieng' akakubali kwamba inao. Basi mama akataka isomwe tangu mwanzo, na akataka nisome mimi.

Nikasoma njaa ilivyoingia katika nchi, na safari, na yule mama mzee alivyofiwa na mume ugenini, kisha na wanawe wawili. Hapo mama akainua mkono.

"Huyo ndiye mimi," akasema. "Mmesoma mchana wote, hakuna aliyemwona."

Tulikuwa tukigombania mjane na watoto, tukasahau kwamba yule tuliyemzika alikuwa na mama. Nililia kwa aibu, Mama Wanjiku akalia, Ochieng' akatazama sakafu. Mama akaniambia niendelee. Nikafika pale yule mama mzee anapowaaga wake za wanawe, akiwaambia warudi kila mmoja kwa mama yake na kuwaombea heri. Akanisimamisha tena.

"Alikuwa na uchungu kama wangu, na bado hakumfunga mtu kamba. Ochieng', mwache. Mama Atieno, kaa unapotaka. Ila usinitupe."

Ochieng' akakubali. Nilipata chumba mtaa wa Bahati, nikauza mboga na Mama Wanjiku, na Ochieng' akawa akiwaletea watoto mahindi kila mavuno. Mama alipozeeka nilikwenda Siaya mwenyewe, bila kuitwa, nikakaa naye mpaka akafumba macho. Watu walinishangaa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijiuliza kwa nini yule wa Moabu, alipoagwa, alikataa kurudi kwao akamfuata mkwewe. Nilielewa siku moja nikimwosha mama miguu. Alikataa kwa sababu alikuwa ameruhusiwa kwenda.

Basi, mwanangu, mwenzako akisoma tofauti nawe, usikimbilie kumwita mpotofu. Muulize ametoka wapi na anaogopa nini. Kisha msome pamoja tangu mwanzo, na ule ukurasa usiokupendeza usiuruke, maana hata mtu mwema hupenda kuanzia panapomfaa. Mkimaliza, tazameni ni nani chumbani ambaye hajaulizwa neno. Leo nenda ukawasalimie wenzako, uanze wewe. Mungu akupe macho ya kumwona aliyeketi kando ya mlango, na siku utakapoketi hapo wewe, akupe mtu wa kukuona.