Daftari Nililolichoma kwa Hasira

Jumanne, Julai. Baridi ya kukata masikio, na manyunyu hayajakatika tangu alfajiri hapa Muthangari.

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo kifua kinawaka. Nilikuwa msichana wa kazi kwa Madam mmoja, mtaa wa Spring Valley. Jumapili alasiri nilijifunza Kiingereza kanisani. Kila wiki mwalimu alitupa kitenzi kimoja na kineno kinachokifuata, tukatunge sentensi kumi. Wiki hiyo ilikuwa "apologise for", yaani kuomba radhi kwa jambo fulani. Kumi ni nyingi. Nilianza na kuchelewa, nikaja kuunguza wali, makosa yakaniishia, nikaandika, "I apologise for stealing the sugar." Naomba radhi kwa kuiba sukari. Sikuwa nimeiba hata kijiko.

Madam akalikuta daftari juu ya friji.

"Kumbe ni wewe! Na umeandika mwenyewe!"

"Madam, hiyo ni homework."

"Homework gani ya kuiba? Funga vitu vyako!"

Nikakaa nje ya geti na begi langu, nalia. Mzee Kamau, aliyetunza bustani, akanichungulia, nikamweleza. "Wewe ndiye wa kwanza nimeona akijishtaki na Kizungu," akacheka. Lakini ni yeye aliyeenda kumsihi Madam ampigie mwalimu simu. Madam akapiga, akaelezwa, akatoka.

"Haya, rudi ndani. Vyombo vinangoja."

Basi. Yeye aliyeongea Kiingereza mpaka na mbwa, neno hilo la kuomba radhi hakuliona, wala kwa Kiswahili.

Niseme haki: sukari ilikuwa inapungua kweli, na labda mimi pia ningeshtuka. Sijui. Lakini kuniambia pole kungempunguzia nini?

Nikalitia daftari kwenye jiko la makaa. Mzee Kamau akasimama mlangoni. "Sasa hapo nani ameungua? Ni yeye?"

Na darasani sikurudi. Ndiyo maana hata leo barua za hospitali za Kiingereza nasomewa na watoto, na hasira yangu sijui nimwelekezee Madam au nijielekezee mwenyewe.

Mwanangu, ukionewa, kasirika, sikukatazi. Lakini hasira yako isile kitu chako. Na ukimkosea aliye chini yako, mwambie pole kwa mdomo, usimwachie kazi ya kubahatisha. Mungu akuweke kati ya watu wanaouliza kwanza, na wewe uwe mmoja wao.

Jioni tumekula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kabeji, nikaongezwa mara mbili.