Kijana Mmoja wa Marani

Rafiki yangu, juzi mjukuu wa dada yangu alinipigia simu. Amepata mchumba huko chuoni, na sasa anatafuta mtu mzima wa kwenda kumsemea kwa wazazi wa msichana. "Nyanya, wewe unajua kuongea," akaniambia. Nilimkatalia kabla hajamaliza. Nikamwambia ana mdomo, ajisemee mwenyewe. Alishangaa sana, maana mimi si mtu wa kukataa safari yenye pilau. Simu ilipokatika nilibaki jikoni, chai ikapoa mbele yangu, na mawazo yakanirudisha Manga, miaka ile pareto ilipokuwa inachanua mpaka kando ya barabara.

Hujui pareto? Ni maua meupe yenye moyo wa njano, na ndiyo yaliyotusomesha. Mimi na dada tuliyachuma asubuhi kabla ya shule, vikapu vimefungwa kiunoni, vidole vikiuma kwa baridi ya mlimani. Vumbi lake lilitupa chafya zisizoisha. Mwalimu wetu alikuwa akisikia darasa zima linapiga chafya anajua kwamba jana mvua haikunyesha na watu wamechuma. Tukirudi jioni tuliyageuza kwenye mikeka na kufukuza kuku. Mpaka leo nikisikia harufu yake mahali, pua huniwasha na moyo pia.

Ijumaa ndiyo siku iliyokuwa na mbio. Sisi ni Wasabato, na jua likishazama hakuna kuchota maji, kupasua kuni wala kupika. Kwa hiyo tangu saa nane nyumba yetu ilikuwa kama nyumba inayohama. Mama anasaga wimbi, nyanya anatokosa chinsaga, ile mboga chungu, na kuimiminia maziwa polepole mpaka uchungu uishe, dada anapiga pasi ya makaa juu ya meza, na mimi natumwa kila upande kwa wakati mmoja. Ugali wa wimbi uliwekwa ndani ya ekee, kikapu chake, ukafunikwa ulale humo. Jumamosi tuliula baridi, na sijawahi tena kula chakula baridi kitamu vile.

Na katikati ya mbio hizo ndipo alipopita kiongozi wa vijana. Alizunguka boma hadi boma akituhimiza tumalize kazi. Hakuwa mchungaji. Mchungaji tulimwona mara chache, akija na pikipiki, akabatiza, akala, akaondoka. Siku nyingine zote kanisa letu la mabati lilikuwa mikononi mwa huyu kijana ambaye siku za kazi alishika jembe katika pareto ya mama yake kama sisi sote. Alikuwa na shati moja jeupe. Alilifua Ijumaa na kulianika juu ya ua, na ukilipita shati lile unajua Sabato imekaribia.

Kazi yake ilikuwa nyingi kuliko mshahara, kwa sababu mshahara haukuwapo. Alitufundisha kuimba kwa do re mi, akigonga kichuma chake cha kupatia sauti kwenye goti na kukiweka sikioni, macho yamefumbwa. Alitukagua kucha. Aliwafuata wavulana waliotoroka kwenda kwenye ngoma za busaa, pombe ya kienyeji, akawarudisha bila kuwasema mbele ya baba zao. Akiona tumemchosha alikuwa akicheka na kusema kwamba kuongoza vijana ni kuchunga mbuzi kando ya mahindi ya jirani.

Jambo moja lilikuwa lake peke yake. Alipotufundisha Jumamosi mchana, kamwe hakusema "mimi". Alikuwa akisema, "Kuna kijana mmoja ninayemfahamu, juzi alipita karibu na nyumba ya pombe, miguu yake ikataka kuingia." Sisi tunaangua kicheko, maana tunajua ni yeye. Kijana mmoja alisinzia kwenye maombi. Kijana mmoja aliona aibu kwa viatu vyake. Kijana mmoja alimjibu mama yake vibaya, akalala na njaa kwa hasira yake mwenyewe. Wazazi walisema huo ni unyenyekevu. Nyanya yangu, ambaye hakumhurumia mtu, alisema, "Huyo akishika moto ataita watu waje wamzimie kijana mmoja."

Jambo la pili alilotufundisha ni neno. Alitusimamisha mstari, wadogo kwa wakubwa, tukasema kwa pamoja, "Ndiyo yangu haina mlango wa nyuma." Tulilisema kwa kelele na furaha, kama watoto wasemavyo lolote. Sikujua kwamba kuna mtu kati yetu aliyekuwa akilisikiliza.

Dada yangu alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, na ndiye aliyeshika sauti ya pili katika kwaya. Kiongozi akishaipata sauti kwenye kichuma chake, alimwinamia dada kwanza na kumpa yake, dada akaishikilia, na wengine wote wakajipanga juu yake. Baada ya mkutano alitusindikiza mpaka mtoni. Walitembea mbele wakizungumza juu ya nyimbo, nyimbo tu, nami nikawafuata nyuma viatu mkononi ili visichakae. Nilichoka na zile nyimbo. Nyumbani hakuna aliyesema kitu, lakini mama alianza kuficha kikombe kizuri ili kisivunjwe kabla ya siku yake, na nyanya aliuliza ni wimbo gani huo unaohitaji kusindikizwa mpaka mtoni.

Basi Jumapili moja, baada ya makambi ya kanisa ya Agosti, kiongozi wa vijana akaja kwetu amevaa koti la Sabato. Jumapili! Siku watu wako shambani na matope! Nilijua hapo hapo. Mama naye alijua, kwa sababu alimkamata jogoo ambaye tulikuwa tumekatazwa hata kumtazama vibaya. Kikombe kizuri kikatoka. Baba aliitwa kutoka kwenye pareto, akanawa miguu, akaketi. Mimi nilikaa chini ya dirisha nikijifanya namenya ndizi.

"Omogaka," kiongozi akamwambia baba, kwa jina lile la heshima tunalowapa wazee wetu, "kuna kijana mmoja wa Marani."

Nilijiziba mdomo nisicheke. Kijana mmoja! Na hata leo hawezi kusema mimi! Marani, ambako si kwao, niliielewa pia, nikaona ameiongeza ili ajifiche vizuri zaidi.

"Ni fundi wa kushona," akaendelea. "Hanywi, havuti. Lakini sikufichi, ana hasira za asubuhi mpaka apate uji, na mama yake ana maneno mengi. Mbele za watu hajui kuongea. Ila akikuahidi nguo Ijumaa, utaipata Alhamisi. Alimwona binti yako makambini, na tangu siku hiyo anashona vifungo upande usio wake."

Lazima nikueleze kitu hapa. Kwetu mshenga huitwa esigani, na hakuwa mtu wa kusifu tu kama hawa wa siku hizi wanaosifu hata wasichokijua. Alitakiwa ayaseme na mabaya. Akishasema, ndoa ile ilikuwa shingoni mwake. Ikilegea miaka mingi baadaye, yeye ndiye anayeitwa akae katikati. Baba na mama walimsikia akiyataja mabaya wakaelewa mara moja kwamba huyu ametumwa. Niliona mkono wa mama umesimama juu ya sufuria. Mimi sikuelewa kitu. Nilifikiri anajinyenyekeza kuliko kawaida, na nilikuwa nawaza vipi kuhusu hasira za asubuhi, mbona hatujawahi kuziona?

Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai.

"Umesikia?" baba akamuuliza.

Dada alimtazama kiongozi wa vijana. Yeye alikuwa anatazama magoti yake. Dada alikuwa na tabasamu dogo, lile la kwenye kwaya anapongoja apewe sauti.

"Nimesikia, tata," akasema. "Ndiyo."

Kiongozi akainua kichwa haraka. "Umesema ndiyo?"

"Nimesema ndiyo."

Akachukua kikombe kizuri akanywa chai yote ikiwa moto. Kisha akasimama, akashukuru, akaenda. Jogoo alikuwa bado anachemka. Rafiki yangu, nani anayeacha jogoo? Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Nilikula paja peke yangu na sikuona raha yake.

Jumapili nyingine akarudi, na safari hii alikuwa na mtu mrefu, mwembamba, aliyebeba kitambaa kipya kwapani na kunisalimu kwa sauti nzito ya besi. Nilimvuta kiongozi koti. "Huyu ni nani?"

"Ndiye yule kijana wa Marani," akanijibu.

"Wa kweli?"

Dada alikuwa anapanda kutoka shambani, kikapu cha pareto kiunoni. Akawaona wawili hao wamesimama uani, akasimama naye. Akamtazama mrefu, akamtazama mfupi. Kisha akapita nyuma ya nyumba kunawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu sana. Nilimfuata. Nyanya alikuwa ameshafika kabla yangu.

"Unaweza kukataa," nyanya akamwambia. "Hatujala kitu chao."

"Nilisema ndiyo, magokoro."

"Ulimwambia nani hiyo ndiyo?"

Dada alichukua kitambaa akajipangusa mikono, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani kuwasalimu wageni.

Arusi ilikuwa Desemba. Kiongozi wa vijana ndiye aliyesimama mbele ya kwaya, kama kawaida. Aligonga kichuma chake, akageuka upande wa sauti ya pili, na pale mahali pa dada hapakuwa na mtu, maana bibi arusi haimbi kwenye arusi yake. Wimbo ulianza vibaya. Tuliuanza tena. Watu walisema ni kwa ajili ya furaha, nami nililia bila kujua ninalia nini, mpaka mama akanipa soda ninyamaze.

Sasa ngoja nikuchanganye zaidi, maana nami nimechanganyikiwa miaka hii yote. Shemeji alikuwa mtu mwema! Kila neno la esigani lilikuwa kweli. Hasira za asubuhi zilikuwapo, na uji uliziponya. Maneno ya mama yake yalikuwapo. Alinishonea sare ya shule yenye upindo mkubwa, akawa anaufungua kila mwaka nikirefuka, bila kuombwa. Nilimpenda. Nikitaka kumhurumia dada, namkumbuka shemeji amepiga magoti mbele yangu, pini mdomoni, ananipima, na huruma inakosa pa kukaa. Nikitaka kumkasirikia kiongozi wa vijana, namwona na shati lake moja. Naye alioa baadaye, mwanamke mpole, wakalea watoto vizuri.

Mara moja tu ndoa ile ilitikisika. Mama mkwe aliwasha moto wa maneno, dada akaja nyumbani na mtoto mgongoni. Esigani akaitwa. Akatoka Manga kwa miguu hadi Marani pamoja na dada, akakaa nao siku nzima, na dada hakutoka tena katika nyumba ile.

Wote wawili wamekwisha kuzikwa sasa, mfupi na mrefu. Pareto nayo imekwisha. Huko kwetu ni majani chai tu hadi mlangoni, na watoto hawajui chafya za asubuhi. Kanisa la mabati limebomolewa, liko la mawe, lina kinanda cha umeme kinachotoa sauti zote nne bila kumhitaji mtu. Kiongozi wao wa vijana wa sasa ni kijana mzuri, ana kipaza sauti, na katika hubiri moja nilimhesabia "mimi" mpaka nikachoka. Sikumcheka. Nilitamani angezaliwa mapema, aje afundishe mtu mmoja neno hilo.

Mwaka juzi nilimtembelea dada Marani. Tulikuwa tunachambua maharagwe, wazee wawili, na sikuweza kulibeba tena swali langu.

"Siku ile alipokuja na koti," nikamwambia, "wewe ulidhani anajisemea mwenyewe?"

Aliendelea kuchambua. "Wewe ulidhani nini?"

"Mimi nilidhani ni yeye."

"Basi tulikuwa wawili."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiomba aniambie nimekosea. "Na yeye alijua?"

"Nilimwambia. Mwaka ule alipokuja kutuamua, shemeji yako alitoka nje kidogo kufunga ng'ombe. Nikamwambia, siku ile nilidhani kijana mmoja ni wewe."

"Akasema nini?"

"Alitazama magoti yake. Halafu akasema, rafiki yangu aliniomba, nikashindwa kumkatalia. Nilikuja kwenu nikingoja wewe ukatae."

Sikujua nitazame wapi. Nikatazama maharagwe. "Halafu?"

"Halafu shemeji yako akaingia," dada akasema, "na esigani akatupatanisha. Akatupatanisha vizuri. Hatukuhitaji kumwita tena."