Bahari Iliyomwagika Kitengela

Chururu, chururu, chururu. Tulisikia maji kabla hatujayaona, na katika nyumba ya Kitengela ambayo mifereji yake imekauka wiki nzima hakuna sauti tamu kuliko hiyo. Mama aliruka kutoka kwenye kochi. "Maji yamerudi! Wafula, leta mitungi!" Baba akainua mikono juu, wageni wakamshukuru Mungu, na mimi peke yangu, kati ya watu wote waliokuwa sebuleni, nikabaki na mikono hewani, kwa sababu sauti ile haikutoka jikoni wala bafuni bali chumbani kwangu, na chumbani kwangu hakuna mfereji. Kuna bahari.

Bado naona haya nikikumbuka, lakini acheni niwaeleze jinsi bahari ilivyofika huku kwetu, mahali ambapo hata mvua huja kwa kubembelezwa.

Dada yangu Nekesa anasomea matope. Baba hupenda kuwaambia watu kwamba anasomea "mambo ya maji" (anaona yana heshima kidogo), lakini ukweli ni kwamba dada yangu huenda Pwani, huzama hadi magotini katikati ya mikoko, na kurudi na matope meusi yanayonuka mayai viza, akiyakumbatia kama mtu aliyebeba keki ya arusi. Safari hiyo alirudi na vikopo vitatu virefu vya matope na mitungi miwili ya maji ya chumvi. Maabara ya chuo hufungwa jioni, na, kama alivyomwambia Baba, "bahari haifungwi." Kwa hiyo akaijenga chumbani kwangu. Vikopo, vilivyotobolewa chini, vilisimama ndani ya beseni, beseni likakaa juu ya meza fupi, na mpira mwembamba ukaunganisha beseni na ndoo ya maji. Ukiweka ndoo juu ya stuli, maji yanajaa, yanafunika matope, yanasimama yenyewe yakilingana na ya ndoo. Ukiishusha sakafuni, yanakupwa. Hivyo hivyo, mchana na usiku, bila kuruka hata mara moja, hadi Jumatatu atakapovipeleka vikopo kwa mwalimu wake. Matope yakiharibika, angerudi Pwani kuanza upya, na muhula ulikuwa ukingoni.

"Na nikiwa sipo, nani atapandisha maji?" Nekesa aliuliza.

"Mimi," nikasema. "Si mwezi ndio huvuta bahari? Basi mimi nitakuwa mwezi."

Jumamosi hiyo walikuja wageni wazito: Lemayian, kijana anayetaka kumuoa Nekesa, pamoja na mama yake, kutoka nje kidogo ya mji wa Kajiado. Ndiyo mara yao ya kwanza kukanyaga kwetu. Nekesa alikuwa jikoni akipika chapati, wakati wa maji kujaa ukafika, nikaingia chumbani na kukuta stuli haipo. Mama alikuwa ameipeleka sebuleni, na Mama Lemayian alikuwa ameikalia. Sasa niambieni, ungefanya nini? Ungemwinua mama mkwe mtarajiwa umwambie samahani, bahari inataka kiti chako? Nikapandisha ndoo juu ya kabati. Nikajiambia hata ni vizuri, maji yatajaa haraka, nitarudi baada ya dakika mbili.

Dakika mbili! Nilipofika sebuleni Mama Lemayian alikuwa akiuliza, "Huyu msichana wenu anasoma nini hasa?" Baba akakohoa na kuanza habari yake ya mambo ya maji, nami nikaona dada yangu anafanywa mdogo mbele ya watu, nikasimama. Niliongea, jamani. Niliwaeleza habari za mwezi na maji kujaa na kupwa, nikawaambia Nekesa anafuatilia sumu inayoitwa aseniki kwenye matope ya mikoko, nikajiita msaidizi mkuu wa utafiti (cheo nilichojipa papo hapo). Nilikuwa nimenyoosha mikono kuonyesha jinsi bahari inavyopanda ufukweni, na maneno "inapanda polepole, kwa adabu" yalikuwa bado mdomoni, ndipo tukasikia chururu.

Mama alikimbia na mtungi, akasukuma mlango wa chumba changu, na bahari ikatoka kumlaki. Nyeusi. Ilipita katikati ya miguu yake, ikageuka kona kama inayoijua nyumba, ikaingia sebuleni na harufu yake yote. Lemayian alipandisha miguu juu ya kochi. Mama Lemayian hakusogea, akainua tu ncha ya shuka lake.

"Wafula," Baba akanong'ona, "si umesema hapo ndani kuna sumu?"

"Kidogo tu, Baba."

"Kidogo tu! Na wewe kazi yako ilikuwa gani?"

"Mimi... mimi ndiye mwezi, Baba."

Nawaambia, hakuna jibu baya kuliko hilo mbele ya wageni. Lemayian alificha uso kwenye mto, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

Nekesa alitoka jikoni na unga hadi kwenye viwiko. Hakunipigia kelele (ingekuwa afadhali). Alinipita, akashusha ndoo, akapiga magoti kwenye maji. Kikopo kimoja kilikuwa kimeanguka na kumwaga matope yote. Akavishika vile viwili vilivyobaki, akaviinua kwenye mwanga.

"Vimekufa?" Mama Lemayian aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Havijafa," Nekesa akasema polepole. "Ona huu utando wa rangi ya kutu juu, haujapasuka. Maji yakifunika matope hewa inakosekana, na humu kuna vijidudu, huwezi kuviona kwa macho, ambavyo vikikosa hewa vinapumua kutu. Sasa kutu ndiyo iliyokuwa imeshika aseniki. Ikiyeyuka, sumu inaachiliwa majini. Maji yakishuka hewa inarudi, kutu inajijenga tena, inaikamata. Nataka kujua kila maji yakipanda ni kiasi gani kinatoroka, kwa sababu kuna watu wanakula kaa wa pale."

Baba, aliyekuwa ameshika kitambaa cha kupangusia, alisahau kupangusa.

"Kwetu kuna dipu ya zamani ya kuogeshea ng'ombe," Mama Lemayian akasema. "Imezungushiwa miiba. Tuliambiwa dawa yake ya kupe ilikuwa inaua."

"Nyingi za zamani zilikuwa na hii hii aseniki, Mama."

"Basi utakuja uangalie maji ya bwawa letu, liko jirani na hiyo dipu." Akamgeukia mwanawe. "Lemayian, shuka hapo juu, ulete ndoo na kitambaa. Huyu ana kazi."

Nilipangusa hadi magoti yakachubuka, nikiwa na glavu za Nekesa na aibu yangu mwenyewe, na ajabu ni kwamba kifua kilikuwa kimenijaa fahari kama ni mimi niliyeongea. Lakini tangu siku hiyo nimeapa: sitasifu kazi ya mtu huku nikiiacha bila mwangalizi, na stuli nikiihitaji nitaiomba, hata kama ameikalia rais.

Jumatatu alfajiri Nekesa alijifunga mkoba, akavikumbatia vikopo vyake viwili. Baba alikuwa ameshaamka, amevaa koti juu ya pajama, amesimama mlangoni.

"Wakikuuliza unasomea nini," akasema, "waambie matope."

"Wanajua, Baba."

"Waambie tena."

Akamfungulia mlango, akamtazama akishuka ngazi moja moja bila kutikisa mikono, kisha akaufunga taratibu, akikishika kitasa kwa mikono miwili ili usigonge.