Vyungu Nilivyovilainisha

Tuliporudi kisiwani kwetu Chovai kutoka kambi ya wakimbizi Kenya, nyumba ilikuwa tupu, hata chungu cha kupikia hakuna. Bibi yangu akaanza tena kufinyanga. Udongo uliletwa kwa mashua kutoka Burgao, nami, msichana wa miaka kumi na saba, niliukanda na kuutoa vijiwe.

Tuliishi na mdogo wake, niliyemwita bibi mdogo. Macho yake yalikuwa yamezimika ukubwani, lakini jikoni hakutaka msaada wa mtu. Kwa ajili yake bibi alitia alama kila chungu kabla hakijakauka. Cha sukari alikibonyeza kwa ukingo wa kombe la pwani mpaka kikajaa mikunjo kama magamba ya samaki. Cha chumvi alikiviringishia kamba, ikaacha michirizi. Bibi mdogo angepitisha kiganja mara moja tu, angejua ameshika nini.

Mimi sikujua kazi ya alama zile. Niliona ni mapambo ya kizamani. Kismayo nilikuwa nimeona madukani vyombo laini vinavyong'aa, nikatamani vyetu viwe vile. Adhuhuri moja bibi alipokwenda kusali, nilichovya kitambaa majini nikavisugua vile vibichi mpaka alama zote zikazama, kisha nikavipiga msasa kwa kokoto.

"Umefanya nini?" bibi aliuliza aliporudi.

"Nimevipendezesha, bibi."

"Na huyu mwenzetu atajuaje sukari na chumvi?"

Udongo wa kufinyangia vingine ulikuwa umekwisha, na vyungu vyenyewe vimeanza kukauka, havipokei alama tena. Vikachomwa hivyo hivyo. Bibi akampangia mdogo wake rafuni: sukari kulia, chumvi kushoto.

Wiki chache baadaye walikuja jamaa zetu wa Kismayo, ambao hatukuwa tumeonana nao tangu tulipokimbia vita. Asubuhi ile nilifagia jiko, nikateremsha vyungu na kuvirudisha bila kuangalia. Bibi mdogo akapika chai mwenyewe, kwa furaha, akiimba. Mgeni wa kwanza alionja, akatema.

"Chumvi!"

Mwingine akacheka. "Nanyi, mchu haoni, mtu kipofu, mwamwachaje jikoni?"

Bibi mdogo aliganda na birika mkononi. "Nisameheni," alisema. "Naona akili nayo yanipotea."

Nilikuwa mlangoni na sinia la mahamri. Nilijua papo hapo kosa ni la nani. Neno moja lingetosha. Nilitazama chini, nikagawa mahamri.

Tangu siku hiyo hakupika tena. Alikaa mkekani akiomba maji kama mgonjwa, yeye aliyekuwa akitupakulia sote. Nilifunga kamba shingoni mwa chungu cha chumvi, nikauchukua mkono wake nikauweka pale. Aliuondoa.

"Acha, mjukuu wangu. Nimeshazeeka."

Hata hapo ningeweza kusema. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho zikawa nyingi. Alifariki kabla ya Ramadhani, akiamini kwamba akili yake ndiyo iliyomwaibisha mbele za watu.

Baada ya matanga nilimweleza bibi yote. Alikuwa akichagua mchele, na mikono yake haikusimama.

"Waniambia mimi ya nini?" alisema. "Ungemwambia yeye."